Wimbo wa Watu Wawili

Juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha kwa simu gazeti letu dogo la Makongeni. Siku hizi limewekwa ndani ya kioo, kwa jumba moja la kumbukumbu huko Nairobi, na chini ya picha zake wameandika: urembo wa kibuyu. Urembo. Nilimrudishia simu yake nikaenda kuosha vyombo.

Rafiki yangu, shule niliachia njiani, kwa hivyo nivumilie. Ilikuwa Thika, miaka ya tisini. Upepo ukitoka upande wa viwanda, nyumba yote ilinukia mananasi yanayochemshwa. Vijana wa kiwanda cha nguo walikuwa wanachapa gazeti la mila kwa stensili, na sisi watoto tulikunja karatasi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Walitaka wimbo wa guka, babu yetu, ule wa gicandi: kibuyu cha mbegu unachotikisa ukiimba, na kila alama iliyochorwa juu yake ina fumbo lake.

Guka alikataa. "Huu huimbwa na wawili," alisema. "Nikiuliza, mwenzangu ajibu. Akishindwa, nachukua kibuyu chake. Sasa mnataka nijinyang'anye mwenyewe?"

Mwimbaji mwingine alikuwa amebaki mmoja tu, mzee wa Kimbo, kule Ruiru. Vijana walimwendea. Akawaambia ameokoka, na pasta wake amesema kibuyu ni cha shetani. Akikigusa tena, kanisa halitamzika.

Guka alicheka. "Mwambieni anaogopa kushindwa, vile aliogopa hata akiwa na meno."

Lakini kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Kila Jumamosi cucu, nyanya yetu, alipika njahi, maharagwe meusi ya wageni, na kumwekea yule mzee wa Kimbo sahani yake. Mgeni hakuja. Vijana nao wakachoka kungoja, wakachapa zile alama peke yake, bila neno hata moja. Nawalaumu. Yule pasta namlaumu zaidi: alimfunga mzee mzima mdomo, halafu Jumapili akasimama mbele ya watu kuhubiri upendo.

Guka alikufa wakati wa mvua. Tulipokuwa tunamaliza kufukia, mzee wa Kimbo akatokea, koti limelowa. Alisimama karibu na udongo, akaimba fumbo moja kwa sauti ndogo, halafu akageuza sikio kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake. Tulikuwa watu wengi pale. Hakuna aliyejua la kujibu.

Cucu akatoa kibuyu cha guka ndani ya kiondo, akampa kwa mikono miwili, maana ndiyo sheria.

"Sichukui, mama," mzee akasema. "Huyu hajashindwa. Ni mimi nimechelewa."

Baadaye naye alikufa, kanisa likamzika kama walivyomwahidi, na nasikia kwaya iliimba vizuri sana.