Betri ya Kufika Lodwar

Miaka ile, kabla simu za mkononi hazijapanda milima ya Kericho, mtu wa Kiptere aliyetaka kujua kama betri yake ni nzima aliipeleka kwa Lazarus Ondieki. Lazarus hakuwa na duka. Alikuwa na meza barazani, mita ya sindano, na taa mbili za mbele zilizong'olewa kwenye Land Rover iliyokufa. Aliunganisha betri na taa hizo, akatazama saa yake dakika tano kamili, kisha akasoma sindano. Kibandiko cha kiwandani hakukijali.

"Hiyo karatasi inasema vile ilizaliwa," alimwambia mwenye betri. "Mimi nataka kujua inaishi aje."

Alikuwa amefika huko akiwa kijana kutoka upande wa Kisii, akaajiriwa na shamba moja kubwa la chai. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza redio ambazo wasimamizi walitumia kuitana na kiwanda. Alipostaafu mwaka wa 1993, mhandisi mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia redio yake binafsi ya mawasiliano ya mbali. Redio ya namna hiyo ilihitaji leseni, na leseni ilihitaji mtihani. Aliyemwandaa ni Mwalimu Kipkurui, mwalimu wa fizikia huko Londiani, ambaye naye alikuwa na redio na leseni yake. Mwanafunzi alikuwa na umri wa kumzaa mwalimu. Alifaulu mara ya pili.

Tangu hapo, kila Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, wawili hao walikutana hewani. Waya wa antena ulining'inia kati ya mikaratusi miwili nyuma ya zizi. Waliulizana habari za viazi vya Londiani, bei ya maziwa, nani amezikwa, nani ameoa. Kila mmoja alingoja mwenzake amalize na kusema "ova", adabu ambayo mke wa Lazarus, Syprose, alisema haijawahi kuonekana mezani kwake.

"Huyu mke mwenzangu," alizoea kusema, akiitazama redio, "angalau hali ugali."

Januari 1996 Mwalimu Kipkurui alihamishiwa Lodwar, mbali kaskazini. Jumapili yake ya mwisho Londiani alisema jambo ambalo Lazarus aliliandika kwenye daftari neno kwa neno.

"Mzee, nikifika nitakuita Jumapili tatu, saa nane ileile. Nisipokupata, redio nitaachia shule. Huko sina mwingine wa kuongea naye. Ova."

Ili sauti ifike Londiani, Lazarus alikuwa akitumia nguvu ndogo tu, na betri kuukuu ya gari ilimtosha. Lodwar ilihitaji redio ifunguliwe mpaka mwisho, na ikifunguliwa hivyo ilikunywa ampea ishirini za umeme kila alipozungumza. Majirani walimshauri anunue betri ya lori, kwa kuwa ni kubwa. Alikataa. Betri ya lori, alieleza, imetengenezwa kupiga injini teke moja na kupumzika. Bamba zake za ndani ni nyembamba, na ukiinyonya saa nzima kila wiki inazeeka upesi. Alinunua betri ya sola, yenye bamba nene. Akatupa waya wake wa zamani, akaweka mwingine mnene kama penseli, mfupi kadiri ilivyowezekana, wenye fyuzi, kwa sababu waya mwembamba hula volti njiani.

Kilichobaki ni maji. Baada ya kuchajiwa mara ya kwanza, betri ilipungua maji, na mwenye duka la kuchaji pale Sosiot alikuwa ameishiwa na maji ya betri. Hilo halikumsumbua Lazarus. Kwa miaka mingi aliwakemea watu waliotia betri maji ya mto, yenye chumvi, na yeye mwenyewe alitumia mvua ya mawe. Ilipoanza kupiga bati alitoka mbio na karai la plastiki, akaliweka uwanjani mbali na paa, akangoja mawe yayeyuke. Wenye chai walimwona kichaa. Mvua ileile iliyochana majani yao yeye aliipokea kwa mikono miwili.

Wiki hiyo mvua ya mawe ilinyesha kidogo na kwa haraka. Akiogopa kukosa, Lazarus alipasua mifuko miwili myeupe ya plastiki iliyokuwa stoo, akaisuuza, akaitandika kwenye nyasi. Alipata chupa nzima. Jirani yake Chepkorir, aliyekuwa amesimama katikati ya michai yake iliyopigwa, alimtazama akikimbia na chupa yake.

Jumapili ya kwanza sauti ya Mwalimu ilifika, mbali lakini safi. "Mzee, nakuita. Nasikiliza." Lazarus alibonyeza kitufe kujibu. Sindano ikaanguka chini ya volti kumi na moja, redio ikazima. Akaiwasha tena. "Mzee, nakuita." Akajaribu mara nne. Mwalimu aliita kwa robo saa, kisha hewa ikabaki na mvumo wake.

Betri ilirudishwa Sosiot kwa baiskeli, ikachajiwa siku mbili. Jumapili ya pili asubuhi ilikuwa tayari imejimaliza yenyewe, ingawa haikuwa imeunganishwa na kitu. Saa nane Lazarus hakuweza hata kusikiliza. Alimshuku muuzaji. Alishuku fyuzi. Alifungua kila skrubu, akaisafisha na kuirudisha, huku Syprose akichambua mboga kando yake.

"Baba Nyambeki, hiyo maji uliweka ilitoka wapi?"

"Mvua ya mawe. Safi kuliko ya duka."

"Mawe najua. Chini ulitandika nini?"

"Mifuko."

"Mifuko ya nini?"

Lazarus aliweka bisibisi mezani.

"Ile ya mbolea ya chai," Syprose akajijibu. "Umelisha betri mbolea, ukidhani itaota."

Chembe zilikuwa zimebaki kwenye mishono. Chumvi ya mbolea ikiingia kwenye betri, betri hujila yenyewe, na hakuna chaji ya kuitibu. Lazarus alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa Kiptere.

Ilibaki Jumapili moja. Betri pekee ya karibu aliyoiamini ilikuwa ya Chepkorir. Ilikuwa ya sola, ya kuendeshea televisheni, na ni Lazarus mwenyewe aliyemchagulia. Jumamosi jioni alienda kuiomba, akakuta habari ya mbolea imemtangulia.

"Kumbe mawe imekukataa," Chepkorir alisema.

"Imenikataa."

"Chai yangu ikipigwa, wewe unakimbia na chupa kama mtu wa harusi!"

"Mama Chepngeno, nilikosa."

"Kwangu ama kwa betri?"

"Kwa wote wawili."

Chepkorir alicheka mpaka akashika mlango. "Kesho nitaileta mwenyewe. Sitaki ipitie karibu na stoo yako ya mbolea."

Aliileta saa saba. Lazarus, hata siku hiyo, aliiunganisha kwanza na taa zake mbili.

"Unapima betri ya kuomba?"

"Dakika tano tu, Mama."

Sindano haikuyumba. Saa nane ikafika, na sauti pamoja nayo. "Mzee, nakuita. Hii ni ya mwisho. Nasikiliza."

Lazarus akabonyeza. Sindano ikashuka mpaka kumi na moja na nusu, ikasimama hapo. Akasema jina lake na mahali alipo, akaachia kitufe. Syprose na Chepkorir wakasogea karibu na spika.

"Mzee! Ulikuwa wapi wewe? Nilisema milima imetushinda. Ova."

Angeweza kukubali kwamba ni milima. "Nilitia betri maji ya mfuko wa mbolea," alisema. "Ova."

"Rudia, Mzee. Nimesikia mbolea. Ova."

"Mbolea. Ya chai. Ova."

Kicheko kilichotoka Lodwar kilikwaruza spika. Chepkorir naye alikuwa anafuta machozi kwa leso. Walizungumza dakika arobaini, na jioni hiyo televisheni ya Chepkorir haikuwaka.

Redio ya Mwalimu haikuachiwa shule. Jumapili iliyofuata, kabla hajaombwa, Chepkorir alikuja na betri kwenye toroli, na juu ya betri alikuwa ameweka kiti chake.