Aliyeniita Yaya

Siku hiyo tulikuwa tunaanika mihogo juu ya jiwe nyuma ya nyumba, kijijini kwetu upande wa Mitwaba. Mdogo wangu Ngoie alikuwa na kazi moja tu, kufukuza kuku, na hata hiyo aliifanya kwa uvivu. Nilimtania kwamba kuku ndio waliomwajiri. Mama yetu alishafariki. Nilimlea mimi, msichana wa miaka kumi na sita.

Risasi zilianzia mtoni.

Wanamgambo waliingia kwa mbio. Nilitupa kapu, nikajitosa kwenye matete. Nilidhani Ngoie yuko nyuma yangu.

Hakuwapo.

"Yaya!" aliita. Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya, uko wapi?"

Nilijiziba mdomo kwa mkono. Aliita mara tatu, kisha akanyamaza.

Sikumwona tena, wala maiti yake.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa naishi Likasi kwa shangazi yangu, katika mtaa wa Panda. Mama Albertine, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Kasai, alitukusanya wasichana tuliokimbia vita, akatufundisha maigizo. Kila mmoja alisimulia yaliyompata, wenzake wakayaigiza. Kusema kweli, mimi nilifuata chai na mkate. Zamu yangu ilipofika nilidanganya. Nilisema nilimwitikia mdogo wangu, ila mlio wa risasi ukaimeza sauti yangu.

Mama Albertine alikuwa na sheria moja.

"Bon, hapa hakuna muntu anacheza ye mwenyewe," alisema. "Weye utacheza Ngoie. Clarisse atakuwa weye."

Nilisimama katikati ya ukumbi. Clarisse, msichana aliyekaa nami benchi moja, akajificha nyuma ya meza. Niliita. Akajibu kwa sauti kubwa, kama nilivyomwelekeza: "Ngoie! Minye niko huku!"

Neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na sikulitoa.

"Nyamaza!" nilimfokea. "Hapana kujibu. Minye sikumujibu."

Tulianza upya. Niliita mara tatu, na nyuma ya meza pakawa kimya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kiliniumbua mbele ya wasichana kumi na wawili, na wote wakalia nami. Juma lile nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu nifike Likasi. Sitaudharau mchezo ule.

Tulipokuwa tunapanga viti, Clarisse alinishika bega.

"Yaya, peut-être mutoto alinyamaza juu bale bantu basikuone."

Nilimshukuru kwa kuwaza kwamba huenda Ngoie alinyamaza ili wale watu wasinione. Lilikuwa neno jema, na zipo siku nalishikilia hadi leo. Lakini Ngoie alikuwa na miaka saba. Mtoto wa umri huo hawazi kumficha mtu. Aliniita ili niende.