Wakwe wa Wainaina Muuza Nyama

Wainaina ana buchari Kabiria, mkabala na kibanda changu cha mboga, na kwa miaka yote niliyomjua sijaona mzee wa kanisa akimpa mkono bila kuunusa baadaye. Mke wake wa kwanza alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Akabaki na buchari yake na kanisa letu, ambako yeye ndiye aliyezibua mitaro na kupanga viti. Harusi zikija, nyama ilitoka kwake kwa bei ya undugu, kisha akala na wapishi nyuma ya jiko. Na watu hao ndio wanaoimba kwamba sisi sote ni viungo vya mwili mmoja. Labda Wainaina alikuwa ukwato.

Siku moja msumeno wa mifupa ulimponyoka ukampasua kiganja. Akakimbizwa zahanati ya kanisa, na aliyemshona ni muuguzi anayeitwa Manjula, Muhindi aliyekulia Muthangari kwa kaka yake Pranlal, muuza mabati na saruji. Manjula alibatizwa akiwa bado anasomea uuguzi. Nyumbani walimnunia kwa muda, kisha wakazoea, mradi asilete habari hizo mezani. Alikuwa amevuka umri ambao ndugu zake walidhani mwanamke bado ataolewa, kwa hivyo walikuwa wameacha kumfikiria.

Kidonda kilipopona, Wainaina alimpelekea maini kama shukrani. Manjula akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampa askari wa getini. Askari alinenepa mwezi mzima kabla Wainaina hajaambiwa kwamba dada yule hajawahi kuonja nyama maishani mwake. Alikuja kwangu ameinamisha kichwa.

"Mama Quincy, mtu asiyekula nyama hupelekewa nini?"

Nilimfungia bilinganya na dania, na tangu siku hiyo akawa mteja wangu mkubwa. Jioni walikaa kwenye benchi la zahanati, mlango wazi, kila mtu akiwaona, wakisoma Zaburi na kuzungumza. Wainaina aliniambia kilichomshika si uzuri wa Manjula. Manjula alimuuliza marehemu mke wake alikuwa mtu wa namna gani, kisha akanyamaza kusikiliza jibu. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kumuuliza.

Habari ilipovuja, kanisa liligeuka ghafla. Mzee Jamleck Mbugua, mwenye ploti za ghorofa zisizo na maji, alisimama mbele ya ushirika akasema katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, na kwamba Mungu ametupa sisi wa Kabiria bahati ya kuonyesha Nairobi upendo. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilitazama juu, nikaona paa letu linavyovuja, nikaelewa upendo huo unatoka wapi.

Mzee Jamleck mwenyewe aliongoza wazee kwenda Muthangari kupeleka posa. Wainaina alivaa suti aliyomzikia mkewe, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Pranlal aliwapokea barazani. Kulikuwa na viti, hakusema kaeni. Mzee Jamleck, ambaye wapangaji wake humsalimu wakiwa wamesimama, alisimama kama mpangaji na kuanza kusifu nyumba.

Pranlal hakumwacha amalize. "Dada yangu alibadilisha dini, nilinyamaza," alisema. "Huyu ni mtu wa kukata ng'ombe. Na ni Mwafrika. Akienda kwake, hapa harudi, na hatoki na kitu."

Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama anayemwambia mteja kwamba saruji imeisha. Mama yao, kikongwe mwembamba, alikuwa nyuma ya pazia. Manjula aliingia ndani, akatoka na begi lake la kazini na viatu vya akiba. Akainama kugusa miguu ya mama yake, kisha akatembea hadi getini. Wainaina alimpokea begi.

Nilisimuliwa kwamba ndani ya gari, kabla hata hawajafika Kawangware, Mzee Jamleck alikuwa ameanza kukumbuka maandiko mengine. Kuna nira isiyo sawa, alisema. Kuna mila. Dada huyu, je, amezaliwa mara ya pili kweli, au aliyazoea maji tu? Wiki iliyofuata baraza la wazee likakataa kutangaza ndoa hiyo mpaka jambo "lichunguzwe". Akina mama wale wa vigelegele sasa walinong'ona kwamba Muhindi asiye na kitu ana laana. Shiku, anayeongoza maombi ya Ijumaa, alikuja kibandani kuniambia niache kumuuzia Manjula mboga. Nilimuuzia Shiku vitunguu vilivyoanza kuota, akaenda zake.

Wainaina aliitwa mbele ya baraza. Alivua kofia akasimama, kwani huko nako hakupewa kiti.

"Mzee Jamleck," alisema, "ulituambia hakuna Myahudi wala Myunani. Ulikuwa unahubiri Kristo ama mabati?"

Akavaa kofia yake akatoka. Walioana Woodley, katika kanisa dogo la kukodi, kwa mchungaji aliyewauliza swali moja tu: kama wanapendana na wanamcha Mungu. Tulikuwa wachache. Manjula alivaa sari nyeupe aliyoazima kwa muuguzi mwenzake, na chakula kilikuwa dengu, chapati na irio ya viazi na mahindi. Kabiria nzima ilicheka kwamba muuza nyama ameoa bila nyama. Waliocheka sana ni waliokuja kula bila kualikwa wakakosa minofu.

Wameishi hivyo tangu hapo. Mke ana sufuria zake, mume ana zake; mume hunawa na kubadilisha shati kabla ya kuingia ndani. Manjula bado ni muuguzi, na wake wa wazee wale wale humpelekea watoto wao wenye homa wakimwita "Sista" kwa sauti ya asali. Yeye huwatibu. Mimi ningewaambia waende kwa baraza.

Mwaka huu mama yake Manjula alifariki. Gari la Pranlal lilisimama mbele ya buchari, lakini mwenyewe hakushuka. Alimtuma dereva amwite dada yake, akaongea naye kupitia dirishani. Manjula alinieleza baadaye: aje kumuaga mama, ila mume abaki nyumbani, au akija, akae kwa gari.

"Bhai," Manjula alimjibu kakake, kwa Kiswahili, ili mumewe aliyekuwa mlangoni asikie, "tunakuja wawili."

Siku ya kuuchoma mwili niliwasindikiza. Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wamejaa, wamevaa nyeupe. Kijana mmoja wa ukoo alimwonyesha Wainaina mahali madereva walipokaa. Manjula akamshika mumewe mkono, ule wenye kovu, wakapita katikati ya watu wote hadi jeneza lilipokuwa. Minong'ono ilianza. Pranlal aligeuka, akawatazama, akatazama wenzake wa biashara, na nikaona anavyopima aibu ipi ni kubwa zaidi, kuwavumilia au kuwafukuza mbele za watu. Akawaacha wabaki. Huo ndio wema wote niliouona kwake, nami siuiti wema.

Manjula aliweka maua kifuani kwa mama yake. Wainaina, ambaye hakuijua ibada ile, aliinama akagusa miguu ya marehemu, kama alivyomwona mkewe akifanya siku ile Muthangari, kisha akasali kimoyomoyo. Shangazi mmoja mzee, ambaye sikumjua jina, alisogea kando kumpa nafasi ya kusimama.

Tuliporudi Kabiria buchari ilibaki imefungwa. Manjula alikaa kwenye kigoda changu akalia, akisema maneno ya Kigujarati ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa. Wainaina alichuchumaa kando yake akisikiliza hadi mwisho.

Jumapili, Mzee Jamleck alikuja kumpa pole. Alikuwa ameliona lile gari la Pranlal. Aliuliza kwa upole kama sasa mambo na shemeji yamekaa sawa. Wainaina alimwambia asante kwa pole, akaendelea kunoa kisu.