Mwambie Mama Akae Mbele

Sisi watu wa Butembo hatuna treni na hatujawahi kuwa nayo. Tuna malori, tuna pikipiki, tuna chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoteremsha viazi kutoka milimani. Kwa hiyo iliposemwa kwamba kwenye shamba la zamani la kahawa, kilimani nje ya mji, reli ndogo ya Wabelgiji imefukuliwa chini ya majani na kigari chake kitatembea tena, watu walifurahi kupita kiasi. Komite ikaundwa. Komite ikapata mwenyekiti, mwenyekiti akapata suti. Kila asubuhi alikuwa redioni akisema "urithi wa baba zetu". Baba yangu mwenyewe alisukuma kigari hicho enzi za ujana wake kikiwa kimejaa magunia, na sikumbuki hata siku moja akikiita urithi.

Aliyekitengeneza ni mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, soudeur, na karakana yake iko mbele ya nyumba yetu. Kigari kililetwa nusu kimeoza. Akakiwekea mabenchi ya mkaratusi, na breki akaifanya kwa akili ya chukudu: kipande cha tairi kinachokandamiza gurudumu. Ila yeye aliongeza mkono wa chuma, nyuma kabisa, mbele ya kibenchi cha mtu mmoja. Ukiuvuta na kuufunga kwa kamba, kigari kinasimama. Nilikuwepo alipomwambia mwenyekiti kwamba bado panatakiwa mnyororo wa kukifunga kigari kwenye nguzo pale juu, na mtu wa pili wa kusaidia breki. Mwenyekiti alisema hivyo vitakuja, tufungue kwanza.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hawasemezani moja kwa moja. Miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu akikutana na mama njiani alitoka barabarani akasimama kwenye majani mpaka apite. Akiwa na neno alinipa mimi: mwambie mama hivi. Mama naye: mwambie bwana yako hivi. Siku nyingine wote wawili wako uani, mmoja huku na mwingine kule, na mimi katikati narudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Nilikuwa nawacheka sana. Nilisema nitaanza kuwatoza kodi ya posta.

Mama alikuwa amesubiri kigari hicho tangu utoto. Alichuma kahawa kwenye shamba lile akiwa msichana mdogo, na kigari kilipokuwa kinapita na magunia, juu ya magunia alikaa mbwa wa mzungu. Hiyo ndiyo hadithi yake, tumeisikia mpaka tumeichoka. "Imbwa ilikuwa inapanda," alikuwa anasema, "siye hapana."

Jumapili ya ufunguzi, baada ya misa, watu walipanda kilima kwa nyimbo. Wamama wa kwaya walijaza mabenchi yote. Mume wangu alikaa nyuma kwenye breki yake. Mimi nilisimama pembeni, karibu na nguzo. Mama alichelewa kwa sababu ya magoti yake. Alipofika juu, mbele pote palikuwa pamejaa, naye hakuuliza mtu. Alizunguka nyuma, akaegemeza fimbo yake, akaanza kupanda pale pale alipokaa mkwe wake.

Mume wangu alifanya ambacho mwanaume yeyote wa kwetu angefanya. Alifunga kamba, akarukia upande wa pili, akaja kwangu mbio mbio akiwa ametazama chini kwa aibu.

"Mwambie mama akae mbele," aliniambia. "Pale hapana fasi ya mutu kukaa."

Nilikuwa namtazama mama juu ya bega lake. Mama alitafuta kitu cha kujivutia apande, akaushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili. Kamba iliteleza. Chuma kikalala, breki ikaachia. Mama akaanguka kwenye kibenchi, akacheka, na kigari kikaanza kwenda.

Watu walipiga vigelegele. Walifikiri safari imeanza. Waliimba kwa nguvu zaidi, na mama alikuwa bado anacheka, amekaa kwenye kigari cha mbwa. Kisha mume wangu akageuka na kuona. Alikimbia, lakini mtu hashindani mbio na chuma kwenye mteremko. Pale reli inapokata kona, kabla ya uwanja wa kuanikia kahawa, kigari kilitoka nje.

Alikufa mama, alikufa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na alikufa msichana wa kwaya. Waliovunjika sitawataja hapa.

Kabla jua halijazama simu zote za mji zilikuwa na video. Mtu alikuwa anarekodi wakati watu wanapanda. Inamwonyesha mume wangu vizuri kabisa: anainuka kwenye breki, anaruka, anaondoka bila kutazama nyuma. Baada ya hapo simu inageukia nyuso za waimbaji. Mkono wa mama haumo. Ile video niliiona mimi mwenyewe, nami niliyejua ukweli nilishikwa na hasira dhidi ya huyo mwanaume anayeruka. Ndipo nikaanza kuogopa kwelikweli. Kama mimi mkewe nimemchukia, waliofiwa na watu wao watamfanya nini?

Nilimkuta karakanani amekaa juu ya beseni lililogeuzwa, viatu vina udongo wa kilimani.

"Ni mama," nilimwambia. "Alishika chuma ya breki apate kupanda. Nilimuona na macho yangu."

Alikwangua udongo kiatuni kwa kucha. "Nani mwingine aliona?"

"Ni miye tu."

"Basi inabakia kwako. Mama yako hatazikwa na jina la muuaji. Usipeleke ile neno popote."

"Na weye? Batakuchoma!"

Siyo kwamba nilitia chumvi. Sisi tunaijua miji yetu. Wakati hakuna anayejibu, vijana hujitafutia jibu wenyewe, na jibu lao lina tairi na petroli. Ndugu yake anayekaa Bungulu, kule Beni, alipiga simu akasema aje upesi. Mume wangu akapanda pikipiki ya rafiki yake, akaondoka. Ile barabara ya Beni nimeiogopa miaka mingi kwa sababu ya wenye bunduki wanaojificha misituni. Jioni ile nilimsukuma mume wangu kwenye barabara hiyo na kushukuru Mungu kwamba ipo.

Asubuhi mwenyekiti alikuwa redioni. Alilia kidogo. Akasema komite ilifanya kazi yake yote, lakini mtu wa breki aliacha kazi yake. Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mama mmoja alisema mume wangu alilipwa na maadui wa Butembo. Mzee mmoja alisema reli ya wazungu inadai damu. Wengine walisema tu jina la mtaa wetu. Nilizima redio, nikaisikia inaendelea kwa jirani, na kwa jirani wa jirani.

Kisha filimbi. Mtu wa Beni na Butembo haelezwi filimbi ni nini: ni mwizi, ni hatari, tokeni nje. Mara hii filimbi zilikuwa zinakuja kwangu. Niliwaingiza watoto chini ya kitanda, nikasimama mlangoni kwa sababu miguu haikutaka kwenda mahali pengine. Vijana walijaa mbele ya karakana mchana kweupe. Wawili nilikuwa nawauzia maharage. Mmoja alikuwa ametundika tairi begani kama mwanamke aliyebeba mkoba wake.

"Bwana yako iko wapi?"

"Haiko hapa."

"Aliua mama yako, na weye unamuficha?"

Ulimi ulikuwa umejaa lile jibu. Nikakumbuka mama yuko mochari, hajafunikwa hata udongo, nikalimeza. Walivunja mlango wa karakana, wakabeba vyuma, wakaondoka. Baada ya hapo niliwatoa watoto chini ya kitanda.

Mjomba wangu, kaka ya mama, ndiye aliyekuwa anasimamia matanga. Alinitumia mtu na neno moja. Kwetu mkwe huleta blanketi la kumzika mama mkwe wake. Asipolileta, ndoa imeoza. "Akikosa kuleta blanketi," mjomba alisema, "tutajua ni yeye aliua, na miye mwenyewe sitazuia vijana."

Nilimpigia mume wangu nikamwambia: "Hapana kuya. Nasikia banakungojea."

"Nisipokuya, inakuwa kweli," alisema.

"Kwa hiyo ukufe?"

"Minanunua blanketi huku Beni. Huku bei iko muzuri."

Alisema hivyo ili nicheke. Sikucheka.

Siku ya mazishi uwanja wa mama ulijaa mpaka barabarani. Wafiwa wa yule mwalimu walikuwepo, walikuwa wameshamzika wa kwao. Vijana nao walikuwepo, nyuma ya mashada ya maua, na nilijitahidi kutotazama walichobeba. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele, amevaa suti yake. Nilikaa kwenye mkeka karibu na jeneza, na kwa kila pikipiki iliyosikika barabarani niligeuka kutazama.

Alikuja amekumbatia blanketi jekundu ndani ya nailoni yake. Watu walimfungulia njia, kisha wakamfungia. Mjomba aliinua mkono vijana wasubiri.

"Mukwe," alisema, "kabla tupokee blanketi, sema. Juu ya nini uliacha frein, ile breki?"

Mume wangu alitazama chini. Ile njia yake ya kutazama chini naijua, watu wengine wote waliona ni hatia.

Nikasimama. Sauti iliyotoka sikuitambua. "Mama alikuya kukaa fasi ya bwana yangu! Bwana yangu alishuka akuye kuniambia nimuondoshe mama. Nani kati yenu anaweza kusukuma mukwe wake? Asimame!"

Hakusimama mtu. Niliona wanaume wakitafuta wake zao kwa macho, na wazee wakitikisa vichwa polepole. Hata yule wa tairi alilishusha. Nilidhani yameisha. Lakini baba wa yule msichana wa kwaya, mtu mpole ambaye hakuwa amesema neno, aliuliza kwa sauti ndogo: "Lakini frein ilikuwa imefungwa. Nani aliifungua?"

Swali lilikuwa halali yake. Mtoto wake alikuwa amekufa.

"Ni miye," mume wangu alisema haraka. "Sikufunga kamba muzuri."

Vijana wakainuka. Niliona mkono wa kwanza ukimshika kola, blanketi likaanguka kwenye matope. Mama alikuwa pale, hatua chache, ndani ya mbao. Na mimi nikasema.

"Anadanganya! Alifunga. Ni mama njo alishika ile chuma. Ni mama njo aliifungua."

Waliamini mara moja. Nafikiri hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kusema uongo wa namna hiyo mbele ya maiti ya mama yake. Mkono ukaachia kola. Mjomba aliinama mwenyewe, akaokota blanketi, akalifuta matope kwa kiganja, akaenda kumfunika dada yake. Hakunitazama. Mpaka leo hanitazami vizuri.

Siku iliyofuata mwenyekiti alirudi redioni, sauti imenyooka. Alisema sasa ukweli umejulikana na komite imesafishwa: chanzo cha ajali ni bibi mmoja aliyegusa breki bila ruhusa, na tumwombee, tumsamehe. Mnyororo hakuutaja. Mtu wa pili wa breki hakumtaja. Mume wangu alikwenda kutaja hayo, wakamwambia mambo yamekwisha, asiwakasirishe watu tena. Nikaona nilichofanya. Nilifikiri nimempa ukweli yule baba wa msichana, kumbe niliuweka mkononi mwa mwenye suti.

Sokoni wananunua maharage kama zamani, lakini nimesikia ninavyoitwa: mtoto ya ule mama aliua batu. Nikiona watu wa familia ya mwalimu nabadilisha njia. Filimbi ya mtoto anayecheza bado inanipeleka mlangoni. Mume wangu yu hai, anakohoa chumbani, anakoroma, anadai chumvi kwenye mboga, nami namwogopea kila anapotoka, kana kwamba nilimkopa tu.

Kila tunapokwenda makaburini, yeye husimama mbali, kwenye majani, pale ambapo angesimama kama mama angekuwa anapita. Ananishikia mwavuli na viatu. Ananiambia kwa sauti ya chini: "Mwambie mama minamusalimia."

Naenda. Napiga magoti, nang'oa majani mawili matatu, nafikisha salamu zake neno kwa neno kama nilivyozoea. Za kwangu sijawahi kuzitoa. Naogopa kuanza, kwa sababu najua mama ataniuliza kwa nini nilimtaja, nami nitamjibu kwamba ningesema tena.