Nilivyojaza upepo tairi za Mama Taji, sponsor wake akataka kujua ni nani

Wakuu, habari za shughuli. Haya ninayoandika sikuambiwa na mtu. Mkono ulioshika pampu ulikuwa wangu, kwa hivyo mkitaka kunicheka mko huru.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Witeithie, karibu na Thika. Wateja wangu wengi ni watu wa mizigo: wa maziwa, wa mkate, wa mitungi ya maji. Baiskeli ya mizigo unaijaza upepo mpaka ukiigonga tairi kwa kidole inalia. Hiyo ndiyo kazi niliyofunzwa na nimeifanya miaka mingi.

Sasa kuna jirani yangu anaitwa Wairimu. Mtaani tunamwita Mama Taji.

Zamani alikuwa akipack biskuti kwa kiwanda kimoja Industrial Area, Thika. Alikuwa anaenda kazi na baiskeli na kurudi nayo, akipitia njia za vumbi za mashambani ili aepuke malori. Akaanza kujirekodi na simu akiwa njiani. Watu wakapenda. Akaingia race moja ya murram, zile barabara za changarawe, kisha ya pili, na mwishowe akaacha kiwanda.

Nakiri mimi nilikuwa kati ya waliosema amerukwa na akili. Mama wa mtoto, anaacha mshahara aende kuendesha baiskeli kwa mawe?

Wakuu, nilikuwa sijui hiyo kazi ni nini. Huyu dada hana timu. Ndiye anaendesha, ndiye anashoot, ndiye anaedit, ndiye anaandikia makampuni email na kujibiwa na moja kati ya ishirini. Weekend anawatembeza watu wa Nairobi kwenye mashamba ya kahawa na wanamlipa. Wiki ile nyingine anafanya tangazo la miwani au maji ya kunywa. Nimeshinda nikimwona akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, anapikia mtoto, kisha anakaa kwa stuli pale kwangu anakata video kwa sababu kibanda changu kina stima ya kuchaji simu.

Nguzo yake ilikuwa sponsor mmoja, duka linaloagiza tairi kutoka nje. Wanampa tairi na pesa ya kila mwezi, yeye anawapa video. Mkataba ulikuwa unaisha na ilikuwa wiki ya kuandikiana mwingine. Bila huo, alikuwa anarudi kwa biskuti. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kulia.

Basi kukawa na race ya kutoka Ruiru kuja Thika, murram karibu yote. Nikaenda kama fundi wake. Nilikuwa nimetoka kuandika kwa rangi kwenye kibanda FUNDI WA RACERS, herufi kubwa nyekundu. Naomba mkumbuke hilo bango.

Kwa kawaida Mama Taji hujipimia upepo mwenyewe na geji. Lakini mkataba unasema lazima awe na video kabla ya kuanza, na jua lilikuwa zuri, kwa hivyo akanipa baiskeli akasema, "Baba Shiro, nisaidie na upepo kidogo."

Kidogo. Mimi nikajaza kama ya kubeba maziwa.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wao: tairi ya murram hutakiwa iwe laini kiasi, ibonyee ikikutana na jiwe. Ikiwa ngumu, jiwe kali linaikata.

Alipokaribia katikati alikuwa kwa kundi la mbele kabisa. Halafu tairi ya nyuma ikapasuliwa ubavuni. Ile dawa nyeupe ya kuziba matundu iliyo ndani ya tairi ikamrukia mgongo wote. Alitembea akisukuma baiskeli mpaka nilipokuwa nimesimama, na alikuwa akijirekodi.

Ana kanuni moja, kwamba akishinda anaweka video na akianguka anaweka. Jioni hiyo akaiweka.

Comments zikaanza. "Hizo tairi ni za karatasi." "Mnauziwa takataka." Mamia.

Kesho yake akiwa pale kibandani, mtu wa duka akapiga simu. Aliweka loudspeaker kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

"Toa hiyo video," jamaa akasema.

"Siwezi kuitoa. Watu wangu nimewaahidi wataona kila kitu. Lakini tairi yenu haina makosa. Upepo ulikuwa mwingi."

"Nani alijaza? Sema kwa video, jina na kila kitu. Watu wajue si sisi."

"Nitasema upepo ulikuwa mwingi. Jina sitasema."

"Basi sema ni wewe."

"Si mimi, kwa hivyo siwezi kusema ni mimi."

Jamaa akampa mpaka Ijumaa. Kama hakuna jina, hakuna mkataba.

Wakuu, nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake na spana mkononi. Nikaendelea kukaza nati. Nikafikiria lile bango. Nikafikiria vijana wa baiskeli ambao walikuwa wameanza kuniletea kazi. Nilinyamaza siku mbili nzima, naye alikuja kila siku, akanisalimia vizuri, akakaa kwa stuli yake. Nilijiona mdogo sana.

Alhamisi nikashindwa. Nikamwambia, "Washa simu."

Nikasema mbele ya kamera kwamba mimi ndiye fundi, nimezoea baiskeli za mizigo, na nilijaza tairi ya race kama naibebesha mitungi. Nikashika ile tairi iliyokatwa nikaonyesha. Bango lilikuwa linaonekana nyuma yangu.

Watu walinicheka, sitawadanganya. Wengine bado wananiita Fundi wa Maziwa. Lakini duka lilisaini, ingawa miezi sita badala ya mwaka. Mama Taji alisema miezi sita inamtosha kujipanga.

Stori ingeishia hapo, ila kuna kitu kimoja.

Wiki iliyofuata alitaka tufanye video ya kufundisha kupima upepo. Akanipa simu nimtafutie clip za asubuhi ya race. Nikapata moja ambayo hakuwahi kuiweka. Yeye yuko mbele akiongea, na nyuma naonekana mimi na pampu, nikipaza sauti, "Hizi nimezijaza zikawa jiwe, leo hakuna kitu itakushika!"

Uso wangu, sauti yangu, ushahidi wote. Angeituma kwa yule jamaa dakika ileile angekuwa amemaliza maneno.

Nikamuuliza, "Ulikuwa na hii tangu siku ya kwanza?"

"Eeh."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Akanipa geji. "Wewe," akasema. "Haya, soma namba tuanze."

Nilichojifunza ni kwamba hawa watu tunaowaona wakijirekodi vichakani hawauzi tairi wala miwani. Wanauza kuaminika, na huyu wangu hawashi uaminifu akiona kamera na kuuzima kamera ikizimwa. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Bango nilitaka kulifuta, akanikataza.

Haya, wenye baiskeli na wenye sponsors, semeni: mngekuwa na ile clip mfukoni, mngengoja mpaka Alhamisi?