Stroberi za Mabomba ya Choo

Siku niliyokwenda kununua mabomba, mwenye duka la vifaa pale Kasulu mjini alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Mzee wa watu, kofia yake ya kiua, lafudhi yake ya Ujiji. Nilimwambia nataka mabomba sita ya inchi nne, yale ya kijivu.

"Sita? Kijana, unajenga choo cha ghorofa?"

"Hapana shehe, nataka kulima."

"Kulima choo?"

Wateja wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mtu mwenye sura kama yangu akisema asubiri watu wamalize kumcheka, atafunga duka nao.

Jambo lenyewe nililiona kwenye simu. Bomba unalisimamisha wima, unalitoboa matundu, kila tundu unapachika mche mmoja wa stroberi. Udongo hakuna, mizizi unaishikiza kwa sponji. (Sponji nilikata kwenye godoro letu, ila nilikata upande wangu, mimi siyo dhalimu.) Pembeni linakaa tangi la samaki. Pampu ndogo ya sola inavuta maji ya samaki, inayapandisha juu ya mabomba, yanashuka taratibu yakinywesha mizizi, halafu yanarudi kwa samaki. Mbolea hununui, maana mbolea ni mavi ya samaki. Yule wa kwenye simu alieleza kisayansi zaidi, lakini mimi shule niliiacha kidato cha pili. Nikisema niliiacha naisingizia. Yenyewe ndiyo iliniacha.

Shida ikawa tangi. Pale nyumbani lilikuwepo moja tu, jeusi, la lita elfu, linakinga maji ya bati. Na lilikuwa la mke wangu. Sisemi letu, nasema la mke wangu. Mama yake, anayekaa Kumsenga kule Kibondo, aliuza mbuzi akamnunulia siku alipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Alisema, na mimi nilikuwepo nikasikia: "Mwanangu asirudi tena kisimani na ndoo kichwani."

Nikamwomba mke wangu aniazime.

"Mwezi mmoja?"

"Mmoja tu."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Mwezi wa nne tangu nilihamishie tangi uani, perege walikuwa wamenenepa mle ndani kama wamepanga nyumba, stroberi zimeanza kuiva, na mke wangu kila asubuhi anapanda kilima na ndoo kichwani. Siku moja mawingu yakafunga, sola ikalala, pampu ikazima. Ikabidi nichote maji tangini kwa ndoo, nipande ngazi, niyamwage juu ya mabomba mwenyewe. Mke wangu akanikuta huko juu, yeye ndiyo anarudi kisimani.

"Baba watoto, hayo maji unayapeleka wapi?"

"Juu."

"Yakifika juu?"

"Yanashuka."

"Yanashukia wapi?"

"Tangini."

Akasimama na ndoo yake kichwani, hata tone halikumwagika. "Kwa hiyo wewe unatoa maji tangini unayarudisha tangini, na mimi natoka kisimani."

"Ndiyo sayansi hiyo, mama."

"Haya. Mama yangu anakuja Jumamosi."

Nilishuka ngazi kwa njia ambayo ngazi haikutengenezewa.

Nilijua kitakachotokea. Mama mkwe akimkuta bintiye bado anabeba ndoo, na tangi alilouzia mbuzi linalea samaki wangu, ataondoka na tangi lake. Na akikasirika sawasawa, ataondoka na tangi na binti. Nikamwomba mke wangu anitetee.

"Mimi sisemi neno," akasema. "Utamweleza mwenyewe."

Kueleza ndiyo ilikuwa kazi. Kwetu Waha mbele ya mama mkwe mwanaume anaongea kama yuko madhabahuni. Humtazami machoni, hutafuni mbele yake, na neno chafu likikutoka hata kwa bahati mbaya, habari inafika Kibondo kabla yako. Sasa mradi wangu wote, ukitoa mabomba, ni neno moja chafu. Nililala siku tatu nikitafuta jina lake la heshima.

Jumamosi akaja. Tukapiga magoti, tukapiga makofi, salamu za mwakeye za kutosha, habari za watu, za ng'ombe, za mahindi. Alipokaa tu macho yakaenda kwenye kona ya nyumba, pale tangi lilipokuwa zamani. Halafu yakaenda uani.

"Tangi linafanya nini juani?"

"Muulize mkweo," mke wangu akajibu, akaingia jikoni. Aliacha mlango wazi asikose kitu.

Nikampeleka mama uani, mimi mbele, macho yangu chini. Akayaangalia mabomba sita yamesimama yamejaa majani na vitunda vyekundu.

"Haya si mabomba ya choo?"

"Ni ya... ni mapya, mama."

"Na mbolea unaweka wapi?"

"Inatoka kwa samaki, mama."

"Samaki wanaitoa wapi?"

Nikaangalia mbinguni. Huko nako hakukuwa na msaada. "Wanaitoa kwa nyuma, mama."

Akazunguka nyuma ya tangi. Kweli nakuambia, mama wa watu alijishika kiuno, akainama, akachungulia kule nyuma pote. "Mbona hamna kitu?"

"Siyo nyuma ya tangi, mama. Nyuma ya wao."

"Wao nani?"

Nikaona Kiswahili kimenishinda, bora nihamie Kiha, labda kwa lugha ya nyumbani adabu itakuja yenyewe. Samaki kwetu ni amafi. Nikataka kumwambia kwa kifupi kwamba kila kitu pale ni kazi ya amafi. Lakini ulimi umekauka, meno yanagongana, ile *f* ikanitoroka.

"Mama," nikasema kwa sauti, "hapa kila kitu ni mavi!"

Jikoni kikaanguka kifuniko, kisha nikasikia mke wangu anacheka kile kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga.

Mama mkwe akanitazama. Nikaanza kupiga magoti, sijui hata kwa salamu gani.

"Kumbe ni mavi," akasema. "Sasa ulikuwa unazunguka nini? Migomba yangu inakula mavi ya ng'ombe tangu wewe hujazaliwa. Simama, unachafua suruali."

Akachuma tunda moja, akalipangusa kwenye kitenge, akala. Akafumba macho. "He! Hizi si inkeri? Zile za porini, tulikuwa tunakula tukichunga."

"Hizi ni kubwa zaidi, mama."

"Kubwa, na tamu." Akachuma la pili. La tatu. Akaomba kikombe. Nilivyomwona anajaza kikombe nikasema moyoni, tumepona, tangi limebaki. Nikaanza hata kumweleza kwamba nitaongeza mabomba mengine kumi.

Alikula mpaka la mwisho, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Ni nzuri sana, mkwe wangu. Sasa toa mavi yako kwenye tangi la mwanangu."

Hakuondoka mpaka nimetii. Alikaa kwenye kigoda uani siku mbili, kikombe kimejaa tena, ananiangalia nikichimba shimo la samaki. Nililitandika turubai, nikawahamisha perege kwa ndoo, mmoja mmoja wakinipiga mikia usoni. Tangi nikalisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga, nikaingia ndani yake mzima mzima, na mama mkwe anagonga nje kwa fimbo: "Hapo pia!"

Likarudi kwenye kona yake chini ya bati. Jumatatu mvua kubwa ikanyesha likajaa, na Jumanne mke wangu hakwenda kisimani. Alichota maji mlangoni kwake, akapika chai, akanimiminia.

Ilinuka perege. Mke wangu alinikazia macho aone nitasema nini. Nikainywa yote, nikajilamba, nikaomba kikombe cha pili.