Hodi Kaburini

Mama yangu haingii kwa mtu bila kupiga hodi. Hata kwangu Tottenham, alikokaa miezi sita akinilelea watoto nikiwa kwenye zamu za hospitalini, alikuwa akisimama nje ya chumba changu mpaka aitikiwe. Kumshukuru, nikampeleka Misri, sisi wawili tu, tukapanda meli ya watalii kwenye mto Nile.

Siku ya kwanza tulishushwa kwenda kuona makaburi ya wafalme. Kwenye foleni nikazoeana na mwanamke Mwingereza wa meli yetu. Kumbe tunaishi jiji moja, ila yeye upande wa wenye nazo. Mara nami nikaanza kutoa Kizungu cha puani.

Mlangoni mwa kaburi mama akavua viatu. Akajifunga leso vizuri, akainama, akaita, "Hodi, wenyewe! Hamjambo? Tumekuja kuwaona tu, hatutagusa kitu." Kisha akangoja. Foleni nzima ikasimama nyuma yake. Watu wakacheka, mmoja akatoa simu akampiga picha.

Yule mwanamke akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mko pamoja?"

Ni mama yangu. Maneno matatu tu, yakanishinda.

"Ananisaidia kazi za nyumbani," nikasema. Na mama, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi miaka yote ya utoto wangu, alikuwa hatua mbili mbele yetu.

Ndani sikuona kitu. Wenzangu walisifu rangi za ukutani, nami nikasifu. Mama alitazama kila kitu taratibu, mikono nyuma, maana kwetu kaburi halinyooshewi kidole. Nilijiambia hakusikia. Wanasema mkataa kwao mtumwa, lakini mimi nilikuwa nimemfanya mama ndiye mtumishi, na hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka kwa aibu.

Mchana, melini, nilimvutia kiti mezani. Hata hajakaa sawasawa, yule mwanamke akaja na sahani yake, akauliza kama anaweza kuketi nasi. Mama akainuka haraka.

"Karibu uketi hapa, bibi," akamwambia kwa Kiingereza safi cha darasani. Akachukua chakula chake, akaenda meza ya mwisho, karibu na jikoni.

Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananisitiri, nisiumbuke mbele ya mgeni wangu. Nami nikamwacha aende, nikamsogezea yule mwanamke chumvi.